Lami Itokayo Shambani: Maswali Saba Kutoka Ukanda wa Ziwa

Tangu mvua za vuli zilipoanza kufukua mashimo katika barabara za mitaa yetu, barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa sauti tofauti: je, ni lazima gundi ya barabara itokane na mafuta ya petroli, au shamba, ziwa na jalala vinaweza kutupatia nyingine? Nimechagua barua saba. Nimezifupisha bila kugusa hoja zake, na majina ya waandishi nimeyaweka kando kama baadhi yao walivyoomba.

Shikamoo Mhandisi. Nilisikia redioni kwamba India wamejenga barabara kwa lami ya mimea. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa na wananchi wananiuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Kama ni kweli, kwa nini sisi tunaendelea kuagiza lami kutoka nje? (Mjumbe, Igoma)

Marahaba, ndugu mjumbe. Habari uliyoisikia ni ya kweli, isipokuwa kuna kipande chake kimoja ambacho hakikukufikia. Mwezi Desemba 2024 Waziri wa Barabara wa India, Nitin Gadkari, alizindua kilomita 1 ya Barabara Kuu Namba 44 karibu na mji wa Nagpur, ambayo gundi yake ilichanganywa na lignini, kitu kinachopatikana katika miti na mabua. Nasisitiza neno "ilichanganywa", kwa kuwa sehemu kubwa ya gundi hiyo ilibaki kuwa lami ya petroli kama hii yetu.

Ili uweze kuwaeleza wananchi vizuri, ni afadhali tuanze na lami yenyewe. Tumezoea kuiita barabara yote nyeusi lami, lakini ukichukua kilo 100 za lami nzito, takribani 95 ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, na 5 tu ndizo gundi nyeusi inayovishikanisha. Gundi hiyo ni mabaki mazito yanayosalia baada ya kiwanda kutenga petroli, mafuta ya taa na dizeli kutoka kwenye mafuta ghafi. Hapa Tanzania kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kiliacha zamani kazi ya kusafisha mafuta ghafi, kikabaki kuwa ghala. Kwa hiyo lami tunayoitumia hushushwa bandarini, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam hadi kufika Mwanza.

Sasa lignini. Mti unasimama kwa sababu nyuzi zake zimefungwa pamoja, na ukiwa umewahi kuona nguzo ya nyumba ikijengwa utaelewa upesi: nyuzi za mti ni kama nondo, na lignini ni kama zege linalozizunguka. Katika mbao kavu, lignini huwa kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wote. Viwanda vya karatasi huitoa kwa sababu vinahitaji nyuzi peke yake, na hutoka ikiwa ndani ya maji meusi mazito ambayo kwa kawaida huchomwa kwenye matanuri ya kiwanda ili kupata mvuke na kuokoa kemikali. Waholanzi waliona kwamba molekuli za lignini zinafanana kwa kiasi fulani na zile za lami, na mwaka 2015 walijenga kipande cha majaribio katika kijiji cha Sluiskil, jimbo la Zeeland, ambacho nusu ya lami yake ilibadilishwa kwa lignini. Marekani walipita njia nyingine: mwezi Oktoba 2010 sehemu ya njia ya baiskeli mjini Des Moines ilitandikwa lami iliyochanganywa na kiasi kidogo cha mafuta mazito yaliyotolewa kwenye mimea, kazi iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa.

Utauliza kwa nini wameishia nusu, au chini ya nusu. Lignini ikiwa peke yake ni unga mkavu na mgumu. Ukiizidisha, gundi inakuwa kavu kama udongo wa chungu, na barabara hupasuka pale magari mazito yanapoipitia. Inahitaji kitu chenye mafuta cha kuilainisha, na mpaka leo kitu hicho mara nyingi ni lami ile ile ya petroli. Kampuni ya Colas ya Ufaransa ilikwisha kutengeneza gundi ya mimea iitwayo Végécol, lakini imejulikana zaidi katika njia za miguu na viwanja kuliko katika barabara za malori.

Kuhusu swali lako la mwisho, kizuizi kikubwa ni kwamba mti tunao lakini lignini iliyokwisha kutengwa hatuna. Ili kuipata kwa wingi ni lazima kuwe na kiwanda cha karatasi kinachokubali kuitenga badala ya kuichoma. Kiwanda cha Mgololo kiko Mufindi, mbali na sisi, na kile cha Webuye upande wa Kenya, ambacho kipo katika bonde la ziwa hili hili, kilifungwa mwaka 2009 na baadaye kikauzwa. Waambie wananchi kwamba jambo hili linawezekana, lakini linaanzia kiwandani kabla halijafika barabarani.

Ndugu Mhandisi, salaam kutoka Kayenze. Magugu maji yanatufungia mwalo kiasi kwamba kuna siku mitumbwi haitoki. Kama mimea inaweza kuwa lami, kwa nini yasinunuliwe kwa tani, ziwa lisafishike na barabara zijengwe? (Mvuvi)

Ndugu mvuvi, swali lako nimekaa nalo kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu ningependa sana kukujibu ndiyo. Gugu hili, ambalo asili yake ni bonde la Mto Amazoni huko Amerika Kusini, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera haujaacha kutuletea. Naelewa uchungu wa mtu anayeamka alfajiri na kukuta mwalo umegeuka shamba. Hata hivyo tufanye hesabu pamoja.

Chukua barabara ya mtaa yenye urefu wa kilomita 1, upana wa mita 6, na lami nzito yenye unene wa sentimita 5. Itahitaji karibu tani 700 za mchanganyiko, na ndani yake gundi ni tani 35. Tuseme tunataka kufanya kama walivyofanya Sluiskil, nusu iwe lignini: tunatafuta tani 17 na nusu. Sasa vuta kilo 100 za magugu kutoka ziwani. Zaidi ya kilo 90 ni maji. Ukikausha unabaki na kitu kama kilo 6, na lignini katika kilo hizo ni kama sehemu moja ya kumi, maana gugu linaloelea halihitaji kusimama imara kama mti. Umepata nusu kilo na ushee. Kwa hiyo kilomita 1 ya barabara itadai karibu tani 3,000 za magugu mabichi, sawa na safari 300 za lori la tani 10, na hapo nimehesabu kana kwamba hakuna hata gramu moja inayopotea kiwandani. Bado hujagusa tope na majivu yanayotoka pamoja na mizizi, wala kuni au umeme wa kukausha mzigo huo wakati wa masika.

Kwa sababu hiyo siwezi kukuambia kwamba gugu hili litakuwa lami. Linatengeneza biogesi na mboji vizuri zaidi, kwa kuwa kazi hizo hazichukii maji, na huko Kisumu wapo mafundi wanaosuka vikapu na viti kwa mabua yake. Tena nina wasiwasi mmoja wa kweli. Usafi wa mwalo wenu usifungwe kwenye bei ya mnunuzi, kwa sababu siku gugu litakapokuwa na bei nzuri, atapatikana mtu wa kutaka liendelee kuwepo. Mwalo usafishwe kwa sababu mnavua hapo.

Shikamoo baba. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mabatini, tunaokota chupa na mifuko ya plastiki kando ya Mto Mirongo. Tunataka kuyeyusha plastiki kwenye pipa pamoja na mabaki ya lami tuliyopewa, tuzibe mashimo ya mtaa wetu. Tunaomba ushauri. (Vijana wa Mabatini)

Marahaba, wanangu. Kwanza kabisa, msiliwashe pipa hilo. Lami ya moto hufikia nyuzijoto 160 na hushika ngozi isitoke, na pipa lenye maji kidogo chini yake hufumka na kumwagika kama maziwa yaliyopitiliza jikoni. Plastiki nazo haziko sawa. Ile inayotengenezea mabomba na nyaya za umeme, iitwayo PVC, ikipata moto mkali hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, na mtu anayekoroga pipa hana namna ya kuitambua ikishayeyuka pamoja na nyingine.

Barabara mlizoziona pichani kwa sehemu kubwa zinafuata njia ya Profesa Rajagopalan Vasudevan wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai, India, ambaye serikali yake ilimtunukia nishani ya Padma Shri mwaka 2018. Yeye hayeyushi plastiki ndani ya lami. Huikatakata vipande vidogo, kisha huinyunyiza juu ya kokoto zilizopashwa moto hadi nyuzijoto 160 au 170, na plastiki huyeyuka na kulivika kila jiwe ngozi nyembamba. Ndipo lami humwagwa, na kiasi chake hupunguzwa kwa karibu asilimia 8 hadi 10. Angalieni jambo muhimu hapo: plastiki inayofaa ni ile laini ya mifuko na vifungashio, pamoja na ile ya vikombe vya mtindi. Chupa za maji, ambazo nadhani ndizo sehemu kubwa ya mzigo wenu, hazifai, kwa kuwa plastiki yake haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzijoto 250, na joto hilo linaiharibu lami. Na mifuko ya kubebea tulikwisha kuipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, jambo jema ambalo linapunguza hasa aina ile ambayo barabara ingeitaka.

Lipo jingine linalonifanya nisite, nalo linatuhusu sisi wa ziwani kuliko watu wa Madurai. Uso wa barabara husagika kidogo kidogo chini ya matairi, na unga wake huoshwa na mvua. Mitaa ya Mabatini inamwaga maji yake Mirongo, na Mirongo inamwaga ziwani katikati ya mji. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, na samaki 1 kati ya 5 alithibitika kuwa na vipande vya plastiki tumboni. Mkiniuliza mimi, plastiki katika barabara za mji huu ikubaliwe kwenye tabaka la chini tu, mahali tairi haligusi, na juu yake liwekwe tabaka lisilo na plastiki.

Chupa zenu ziuzeni kwa wanunuzi wa chupa. Zina soko lake. Vifungashio laini vitengeni, vioshwe, vikaushwe na kuhifadhiwa, kwa kuwa mkandarasi mwenye mtambo wa kuchanganyia akijitokeza atataka mzigo safi wa aina moja. Mashimo ya mtaa kwa sasa yazibeni kwa kifusi cha moramu kilicholoweshwa kidogo na kushindiliwa kwa tabaka, baada ya kuchimba pembe za shimo ziwe wima. Kifusi hicho hakidumu milele, lakini hakimuunguzi mtu.

Mhandisi, mimi nina genge kando ya barabara ya vumbi. Wenye gereji hutusaidia kumwaga oili chafu mbele ya magenge ili vumbi litulie. Je, hiyo si sawa na lami, maana yote ni mafuta? (Mama wa genge, Buhongwa)

Hapana, mama yangu, na nakuomba uwaambie waache leo. Lami ni nzito, imeganda, na haiyeyuki katika maji. Oili iliyotoka kwenye injini ni nyepesi, imebeba chembe za vyuma vilivyosagika na masizi ya moto, na mvua ya kwanza huipeleka mtaroni na kisimani, huku iliyobaki ikipanda na vumbi mpaka kwenye nyanya zako. Kuna vitulizavumbi vitokanavyo na mimea, kama molasi ya viwanda vya sukari na ile lignini ya viwanda vya karatasi ikiwa katika maji, ambayo nchi za Ulaya na Amerika zimeitumia kwenye barabara za changarawe kwa miongo mingi. Vyote viwili huoshwa na mvua, kwa hiyo ni vya kiangazi na hurudiwa mara kwa mara. Ombeni kwanza tuta la kupunguza mwendo wa magari. Vumbi linategemea mwendo kuliko mnavyodhani.

Ndugu Mhandisi. Nalima pamba na mpunga hapa Magu. Kila mwaka tunaagizwa kung'oa mashina ya pamba na kuyachoma, na mashine za kukoboa zimezungukwa na vilima vya pumba ambazo nazo zinaishia moshi. Haviwezi kuingia barabarani? (Mkulima)

Mzee wangu, shikamoo. Umetaja vitu viwili ambavyo mimi ningeviweka mbele ya vyote vinavyotajwa katika barua hizi.

Nianze na pamba. Tunachoma mashina ili funza na wadudu wengine wasipate mahali pa kulala mpaka msimu ujao, na agizo hilo lina maana kubwa, lisipuuzwe. Lakini shina la pamba ni mti kamili, lenye lignini nyingi karibu sawa na ya mbao. Likikatwakatwa na kupashwa moto wa karibu nyuzijoto 500 mahali pasipo na hewa, haliungui. Linatoa mvuke ambao ukipozwa haraka huwa kimiminika cheusi chenye harufu ya moshi, na masalia yake ni mkaa. Sehemu nzito ya kimiminika hicho ndiyo wanayoichanganya na lami, kama nilivyoeleza habari za Iowa. Kasoro yake ni kwamba kina maji na asidi, na huzeeka upesi juani, yaani hukauka na kuwa kigumu kabla ya lami ya petroli. Kasoro ya pili ni ya kwetu: mashina ni mepesi, yanajaza lori bila kufikisha uzito, na yametawanyika katika mashamba ya ekari mbili tatu. Hata hivyo kazi ya kung'oa tayari mnaifanya kwa sheria, na hiyo ni nusu ya gharama ya ukusanyaji. Kama vyuo vyetu vitachagua zao moja la kulijaribu katika ukanda huu, nawaomba wachague hili, kwa sharti kwamba marundo yasilale njiani na kufuga wale wadudu tunaowakimbia.

Pumba za mpunga zina njia fupi zaidi, ingawa haziwi gundi nyeusi. Katika kilo 1,000 za mpunga, pumba ni kama kilo 200, na zikichomwa vizuri hubaki kilo 40 hivi za majivu ambayo karibu yote ni silika, madini yale yaliyo kwenye mchanga. Majivu hayo yakichanganywa na chokaa na kulowekwa hushikana kama saruji dhaifu. Wewe unaijua ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, tofauti kabisa na luseni, ule udongo wa kichanga wa vilimani. Barabara nyingi zinazopita mbugani hazifi kwa ubovu wa lami. Zinakufa kwa sababu udongo ulio chini unapanda na kushuka. Chokaa na majivu ya pumba huutuliza. Na msingi ukiwa imara, juu hapahitaji lami nzito. Ile sentimita 5 niliyomhesabia ndugu mvuvi inakula karibu kilo 6 za gundi kwa kila mita ya mraba, wakati lami nyepesi ya tabaka mbili, yaani gundi inayomwagwa na kutandazwa kokoto juu yake mara mbili, hutumia takribani nusu ya hapo. Kwa njia hiyo pumba zinapunguza lami ya petroli bila kuwa lami zenyewe.

Tahadhari moja: majivu ya rundo lililoungua ovyo hayafai kitu. Moto ukizidi nyuzijoto 700 kwa muda mrefu, silika hugeuka fuwele na kukataa kushikana na chokaa, na moto ukipungua majivu yanabaki meusi kwa mkaa. Tanuri rahisi la matofali lenye matundu ya kupitisha hewa linahitajika, pamoja na mtu wa kulilinda.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linapita mkoani kwetu. Je, lami haitakuwa rahisi? (Msomaji, Geita)

Sidhani, ndugu yangu. Bomba hilo la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limekusudiwa kusafirisha mafuta ghafi nje ya nchi, na lami haipatikani mpaka mafuta yapite kiwanda cha kusafishia. Isitoshe, mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba lenyewe linapashwa joto ili yasigande njiani, na mafuta yenye nta nyingi kwa kawaida si mazuri kwa lami, kwa sababu nta inaifanya iteleze kwenye jiwe na kupasuka. Kwa hiyo hata kwa wenye mafuta, swali la gundi nyingine linabaki pale pale.

Shikamoo Mhandisi. Nasoma ufundi wa ujenzi na nimepangiwa mradi wa mwisho kuhusu gundi mbadala za barabara. Nianze na mmea upi? (Mwanafunzi, Nyakato)

Marahaba, mwanangu. Anza na jiwe.

Miaka mingi iliyopita nilipelekwa kukagua barabara iliyokuwa imemaliza masika moja tu tangu ikabidhiwe. Mashimo yalikuwa kila mahali. Niliingiza mkono katika shimo moja nikatoa kokoto, na ilikuwa safi, haina alama ya lami, kama iliyookotwa mtoni. Lami ilikuwepo ya kutosha na ilikuwa nzuri. Vipimo vilionesha hivyo. Ilikuwa imelivua jiwe. Siku ile nilikasirika sana, maana watu wa vijiji vile walikuwa wameingoja barabara hiyo tangu utoto wao, na nilijifunza jambo ambalo naona halitajwi katika habari hizi za lami ya mimea.

Mawe yetu ya Mwanza ni graniti. Ni magumu, ni mengi, yanatupatia kazi, na katika miteremko ya vilima vyetu yanatandikwa kuwa barabara za mawe ambazo hazihitaji gundi nyeusi hata tone, nami nazipenda sana. Lakini graniti ina silika nyingi, na silika hupenda maji kuliko inavyopenda lami. Maji yakipenya kwenye ufa mdogo hujipenyeza kati ya jiwe na gundi, na kila gurudumu linalopita huyasukuma zaidi, hadi gundi inabanduka. Kwa hiyo gundi yoyote utakayoileta, iwe ya mashina ya pamba, ya lignini au ya petroli, itapimwa na jiwe hili na maji haya.

Hapo ndipo mimea imekwisha kuingia barabarani zamani bila kutangazwa. Dawa za kushikisha lami kwenye jiwe, ambazo wakandarasi huchanganya kwa kiasi cha nusu kilo katika kilo 100 za lami au chini ya hapo, mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya misonobari au ya wanyama. Fanya hesabu ukiilinganisha na ile ya mvuvi: kwa tani 35 za lami, dawa inayohitajika haizidi kilo 175. Mzigo wa pikipiki mbili tu unaweza kuamua kama kilomita hiyo itaishi masika 1 au 15. Na kila mwaka ambao barabara haijarudiwa ni tani 35 za lami ambazo hazikuagizwa. Kwa maoni yangu, mmea unaosaidia jiwe kushika lami utatupunguzia petroli mapema kuliko mmea unaotaka kuchukua nafasi ya lami yote.

Nchi yetu ina malighafi moja inayostahili kujaribiwa kwa kazi hii: mafuta meusi ya maganda ya korosho kutoka Mtwara na Lindi, ambayo watafiti wa India na Brazili wamekuwa wakiyachanganya na lami. Vaa glavu, maana yanababua ngozi vibaya.

Mradi wako uwe hivi. Chukua kokoto za graniti kutoka machimbo mawili tofauti, zioshe na uzikaushe. Tengeneza sampuli nne kwa kila machimbo: ya kwanza lami peke yake, ya pili kokoto zilizopakwa chokaa asilimia 1 au 2 ya uzito wake kabla ya lami, ya tatu lami yenye dawa ya kiwandani, ya nne lami yenye mafuta ya maganda ya korosho kwa kiasi kile kile cha dawa. Ziache zipoe. Kisha zitumbukize moja moja katika maji safi yanayochemka kwa dakika 10, zitoe, uzimwage juu ya karatasi nyeupe, na usubiri zikauke. Sehemu za jiwe zilizobaki wazi utaziona kwa macho, zikimeta. Rudia mara tatu, maana kokoto moja yenye ufa inaweza kukudanganya, na umwombe mwenzako asiyejua sampuli ni ipi ndiye akadirie kiasi kilichovuliwa. Andika matokeo yote, hata yale yasiyokufurahisha, kisha uniletee karatasi hizo pamoja na mawe yake.